Nilivyosafisha Rupia ya Bibi Mwamini

Tangu nilipokunja meza yangu pale sokoni Rumonge, ninyi vijana mliobaki na kazi ya kuunganisha noti mmeniomba niandike ilivyoanza. Basi naandika. Ila mkitafuta humu habari za kipato, au siku nilipopata kibanda chenye bati, mtachoka bure. Nitasema juu ya noti zilizochanika, juu ya Mzee Sefu aliyenifundisha, juu ya makaratasi ya zamani niliyoyakusanya, na juu ya karatasi moja niliyoisafisha vizuri kuliko zote maishani mwangu. Hiyo ndiyo iliyonitoa kazini. Mnaijua, mji mzima unaijua. Lakini mmekuwa mkiisimulia kwa kunionea huruma, na mimi sitaki isimuliwe hivyo.

Nilivuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini nikiwa kijana mwenye suruali moja na Biblia ya mama. Nilianza kwa kubeba bidoni, yale madumu ya mawese, mgongo ukagoma mapema. Mzee Sefu alikuwa na meza yake karibu na wauza mafuta. Alikuwa Mwislamu wa palepale mjini, babu zake walitoka pande za Tabora. Mtu mfupi, mchoyo wa maneno, na wa ugoro ndiyo usiseme. Sijui aliona nini kwangu. Alisema baadaye kwamba aliona vidole vyembamba na tumbo tupu, na hivyo viwili vilimtosha.

Noti za kwetu zinateseka, hilo mnalijua. Mama anaifunga kwenye pindo la kitenge chenye mawese, mvuvi anaiweka mfukoni mwa kaptula yenye maji, mwingine anaificha chini ya godoro mpaka panya wanaipata. Halafu inafika kwa konvoyeri, mpokea nauli wa basi ya Bujumbura na Nyanza-Lac, mtu asiyekataa mbuzi wala gunia la dagaa ndani ya gari, na huyo huyo anaikataa noti kwa sababu ya mpasuko mdogo. Dola zinazotoka Kongo ndizo wagonjwa zaidi, tundu la sindano linatosha kuziua. Hapo ndipo sisi tunapokula.

Siku ya kwanza Mzee Sefu alinipa noti ya faranga, nyeusi, imelainika kama kitambaa. Nikanyoosha mkono kuchukua wembe. Akanipiga vidole.

“Inuse kwanza.”

Nikainusa. Ilinuka mafuta.

“Hiyo imetoka Kizuka, kwa watu wa mawese. Na hii?”

Hiyo ya pili ilinuka samaki.

“Muhuta. Iko na maji ya ndagala ndani. Ukiipiga pasi mbiombio itageuka njano. Noti inakuambia kwenye imetoka. Weye unaitikia tu.”

Nilidhani anajivuna. Baada ya muda nami nikawa nanusa, na wateja wakawa wananicheka.

Dawa zenyewe mmezirithi, lakini naziandika kwa sababu nimeona baadhi yenu mnaruka hatua. Mawese hutolewa kwa poda ya mtoto na pasi ya makaa isiyo kali. Nyunyiza, funika kwa karatasi, pitisha pasi, pangusa, rudia. Maji ya samaki yanataka ndimu kidogo na maji safi mengi. Mpasuko unaungwa kwa gundi ya unga wa muhogo, nyepesi kama uji wa mgonjwa, na uzi wa karatasi ya sigara. Anayetumia utepe wa skochi namwona muuaji mpaka leo. Na pale poda na ndimu zinaposhindwa, kuna javeli, ile dawa kali ya kung’arisha nguo nyeupe. Tone moja kwenye kikombe cha maji, pamba kwenye ncha ya kijiti cha kibiriti, unagusa doa tu, unasuuza haraka. Wengi wameunguza noti kwa javeli. Mimi sikuunguza. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, nilijua hivyo, na nilipenda wengine wajue.

Makaratasi ya zamani yalianza na mtu wa Kizuka aliyebomoa nyumba ya babu yake. Ndani ya kipande cha mwanzi alikuta karatasi imeviringishwa, ina maandishi ya kizungu na neno rupia. Akatuletea, anataka tumbadilishie faranga. Mzee Sefu alicheka mpaka ugoro ukampalia. Kisha akaacha kucheka, akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

“Hii ni ya Wadachi,” alisema. Ndivyo wazee wanavyowaita Wajerumani. “Vita iliwakuta huku, meli zao hazipiti, noti kutoka kwao hazifiki. Wakachapa zao wenyewe, Daresalama, Tabora, juu ya karatasi yoyote walipata. Wakalipa nazo askari, wakalipa nazo wapagazi. Halafu Mubeleji akaingia, wao wakaenda. Kazi imefanyika, mbuzi imeliwa, karatasi imebaki.”

Yule mtu akauliza kama serikali italipa.

“Serikali gani?” Mzee Sefu akamuuliza.

Nilimpa bei ya samaki mukeke mmoja wa kukaanga, akaenda zake ameridhika nusu. Nami nikabaki na karatasi yangu ya kwanza. Sikuwa na sababu yoyote. Niliona tu kwamba mtu fulani alibeba mzigo mpaka mabega yakachubuka ili apate hiyo, na sasa haikuwa na pa kwenda.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa, nilikuwa nazunguka. Kizuka kwa baiskeli, Muhuta kwa basi, mara nyingine mpaka Nyanza-Lac. Nilizikuta kwenye hirizi, kwenye kurasa za Zaburi, ndani ya kopo la maziwa lililozikwa na kusahauliwa. Nyingine nzito, nyingine nyembamba, nyingine za rangi ya karatasi ya kufungia vifurushi. Kila nyumba waliniuliza lile swali la serikali, na mimi nilijibu kweli kwamba hakuna atakayelipa. Sikusema kwamba Bujumbura kulikuwa na daktari wa meno, mzungu mzee, aliyezilipia vizuri. Hilo nalo lina aibu yake. Wakati ule nililiita biashara.

Daktari huyo ndiye aliyenipa somo la sahihi. Nilimpelekea karatasi niliyoifua mpaka ikang’aa, nimejaa sifa. Akaiweka chini ya lenzi.

“Sahihi ziko wapi?”

Sikujua anazungumza nini. Akanionyesha nyingine, ile ambayo sikuigusa. Chini kabisa palikuwa na mikwaruzo miwili ya wino wa kalamu ambayo mimi niliidhani michirizi tu.

“Hizi za mwanzo, watu wawili waliketi wakaandika majina yao, moja moja, kwa mukono. Wino wa mashini unavumilia javeli. Wino wa kalamu hauvumilii. Umewafuta, Elia. Sasa hii ni ya kufungia karanga.”

Nilirudi Rumonge nimenyong’onyea. Mzee Sefu alinitania wiki nzima, akiniita mwenye kuua wazungu wawili kwa pamba. Lakini nilijifunza. Nilitengeneza vipande vya plastiki vya kufunika sahihi, nikajifunza kuweka karatasi kavu chini ili javeli isipenye upande wa pili, nikawa nabana pumzi kila nikifika karibu na wino. Mzee Sefu alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa fundi wa karatasi za Wadachi ukanda wote huu. Sahihi nilizikariri hata mikunjo yake. Ningeweza kuziandika gizani.

Sasa Bibi Mwamini.

Wengi wenu mmekula mikate yake ya mchele. Anakaa mtaa wa Waswahili, nyuma ya msikiti, na mjukuu wake Zaina aliyemlea tangu mchanga. Niliambiwa zamani kwamba ana karatasi ya Wadachi. Nilikwenda, akanionyesha kwa umbali, upande wa mbele tu, ameishika kwa mikono miwili. Roho yangu iliruka. Sahihi zote mbili zilikuwa hai, nyeusi. Sikuwahi kuona nzima kama ile pwani yote ya ziwa.

“Baba Feza, haiuzwi hii,” alisema kabla sijafungua mdomo. Feza ni binti yangu wa kwanza. “Hii ni ya wasichana wa nyumba hii.”

Nilirudi mwaka baada ya mwaka. Nilinunua mikate ambayo sikuihitaji. Kila mara alinijibu hivyohivyo, ni ya wasichana, na mimi nilielewa kwamba anawawekea urithi na anasubiri bei ipande. Mchuuzi akisikia neno lolote hulisikia kama bei.

Kisha Zaina akachumbiwa. Asubuhi moja Bibi Mwamini alikuja mwenyewe mezani kwangu, polepole, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akafungua kitambaa. Karatasi ilikuwa imeachana kwenye kunjo la katikati, imebaki kushikana kwa nyuzi.

“Zaina anaolewa. Nataka siku ile isichanike mikononi mwake. Uiunganishe hapa katikati tu. Kingine usifanye.”

“Usiwe na wasiwasi na bei, Bibi.”

“Bei siyo imenileta. Nimekwambia, katikati tu.”

Alisema mara mbili. Huko nyuma nimewasikia mkisema, maskini Muzee, hawakumwambia. Aliniambia mara mbili, mezani kwangu, mchana kweupe, na kuna mmoja wenu alikuwa amekaa kando yangu akisikia.

Nilifunga mlango wa kibanda ili nifanye kazi kwa raha. Niliunga lile kunjo kwa nyuzi za karatasi ya sigara nyembamba kuliko nilizowahi kukata. Lilipokauka, hata kwa lenzi ilikuwa taabu kuona kiungo. Nilikuwa naimba wimbo wa kanisani, hilo nalikumbuka vizuri. Ndipo nikaigeuza.

Upande wa nyuma ulikuwa karibu mtupu, bila maandishi, na umejaa madoa. Ya mviringo, ya rangi ya udongo, mengine yamefifia na mengine bado yamekolea, yamesogeleana pembeni pembeni. Nilisikitika. Nikajisemea, karatasi nzuri namna hii, na hawa watu wamekula ugali wa mawese wakaishika. Nilinusa kama nilivyofundishwa. Haikunuka mafuta wala samaki. Ilinuka majani makavu, na karafuu kwa mbali. Nilijua sijawahi kukutana na harufu ile kwenye noti, na bado sikujiuliza lolote.

Poda haikufanya kitu. Ndimu nayo ikashindwa. Basi nikaweka karatasi kavu chini, nikafunika sahihi kwa plastiki, nikachovya pamba. Nilikwenda doa kwa doa. Yalikuwa magumu, moja lilinichukua muda mrefu mpaka jasho likanitoka, na lilipotoweka nilifurahi kama aliyeshinda mchezo. Nilitaka kumfanyia hisani. Nilikuwa nimemsumbua mama yule miaka mingi, sasa mjukuu anaolewa, na mimi nitampa zawadi ambayo hakuna mwingine Rumonge angeweza kumpa. Sikukusudia kumtoza hata senti.

Nikaipeleka kesho yake. Bibi Mwamini alikuwa uani kwenye mkeka, Zaina anachambua mchele kwenye ungo. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikaiweka mbele yao sura juu.

Bibi aliisogeza karibu na macho, akapitisha kidole katikati.

“Mashallah. Hata kovu haionekane. Mungu akubariki, Baba Feza.”

Nilivimba. Zaina akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaichukua, akaigeuza. Akaigeuza tena. Akasimama, akaiinua kwenye jua, akaitazama kwa ndani.

“Bibi, hii siyo yetu.”

“Ni yenu,” nikasema. Nilicheka, Mungu anisamehe. “Ni yenyewe. Nyuma kulikuwa na madoa, nimeyatoa yote. Hiyo ni zawadi yako ya harusi.”

Zaina akanitazama. Ana macho makubwa, yule mtoto.

“Sasa mama yangu iko wapi?”

Sikuelewa. Nilijua mama yake amekufa, kila mtu anajua. Nikamgeukia Bibi Mwamini, na yeye alikuwa ameweka mkono kinywani.

Ndipo nikaambiwa. Bibi alisimulia bila kupaza sauti, akiutazama ule ungo wa mchele, na kelele zingekuwa nafuu kwangu. Babu yake alibeba mizigo ya Wadachi vitani, akalipwa karatasi hiyo. Aliporudi kuoa, Mbelgiji ameshaingia, na karatasi hainunui hata chumvi. Baba wa msichana akasema hiyo siyo mahari. Msichana akasema, yeye ameibeba mizigo, mimi nitaibeba karatasi. Siku ya hina akaipokea mikononi, na alama ya kidole gumba chake chenye hina ikabaki nyuma ya karatasi.

“Huyo ni bibi yangu,” alisema. “Mama yangu akaweka chake. Mimi nikaweka changu. Na dada zangu. Na mama ya huyu mutoto.”

Mama yake Zaina alifariki kambini, ng’ambo ya ziwa, walipokimbia vita, Zaina bado ananyonya. Nyumba iliungua nyuma yao na kila kitu, picha zote. Bibi Mwamini alikimbia na mjukuu mgongoni na karatasi kiunoni. Zaina hajui uso wa mama yake. Alichokuwa nacho ni alama ya kidole, na tangu utotoni alikuwa akiambiwa kwamba siku ya hina yake ataweka chake pembeni ya kile.

Nilitaka kusema sikujua. Ni kweli sikujua, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo. Nimeishi Rumonge tangu ujana. Nimekula pilau ya harusi zao mpaka nimefungua mshipi. Nimepokea chai kutoka mikono yenye hina mara zisizo na idadi, na sikuwahi kuitazama ile mikono. Sahihi za wazungu wawili ambao sikuwajua, waliochapa pesa ambayo haikumlipa mtu, nilizifunika kwa plastiki na kuzibania pumzi. Wanawake wa nyumba ile nao walikuwa wameweka sahihi zao, upande wa pili wa karatasi hiyohiyo, na mimi niliwafuta mmoja mmoja nikiimba.

“Murakoze, Baba Feza,” Bibi Mwamini alinishukuru mwishoni, kama anavyomshukuru kila mgeni anayeaga. “Nenda tu.”

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Wiki hiyo akina mama walileta noti zao wakicheka pembeni ya mdomo: “Muzee, shona tu, usifue.” Mwingine akaniita Muzee Javeli, na jina likanasa. Sikuwalaumu. Kilichonichoma ni ninyi, mlivyokuwa mkinitetea. Mkasema hina inafanana na mawese, yeyote angekosea. Mzee Sefu asingekosea. Angeinusa mara moja, angeirudisha kwenye kitambaa, na angenipiga kofi nikiwa na mvi zangu.

Niwaambie na hili, kwa sababu mtajaribiwa nalo siku moja. Nilinunua hina. Nilifikiri, mimi ni fundi, najua kuirudisha karatasi katika hali yoyote, basi niyarudishe madoa. Niliikoroga kwenye kikombe kilekile cha javeli. Nilichukua karatasi nyingine ya Wadachi, isiyo na thamani, ili nijaribu kwanza, nikabonyeza kidole gumba. Likatoka doa zuri, la mviringo, rangi sawasawa kabisa. Nililitazama kwa lenzi, na ndani yake nikaona mistari ya kidole changu, na kovu la wembe nililolipata mwaka wa kwanza kwa Mzee Sefu. Nilikuwa natengeneza mama wa mtu kwa kidole cha fundi noti. Nilimwaga hina yote nje, nikafunga kibanda, na hapo ndipo nilipoacha kazi. Zile sababu nyingine mnazosimulia, za macho na mgongo, nilizisema ili mniache.

Siku ya hina ya Zaina nilibaki nyumbani. Mchana, jua bado kali, akaja shangazi yake mkubwa.

“Baba Feza, unaitwa uani.”

Mwanaume haitwi uani siku ya hina. Nilifikiri wazee wamekaa wanihukumu, nikavaa shati la kanisani. Kumbe wazee hawakuwepo. Walikuwa wanawake peke yao, vitenge vimetandikwa kuzunguka ua, kila mmoja amenyoosha mikono mbele imepakwa hina mbichi. Waligeuza nyuso waliponiona, wimbo ukakatika. Zaina alikuwa katikati kwenye mkeka, na karatasi mbele yake juu ya sinia, mgongo juu, nyeupe.

Walikuwa wanabishana. Shangazi mmoja alisema alama ya marehemu ilikuwa chini, kona ya kushoto. Mwingine akaapa ilikuwa kulia, karibu na kunjo. Bibi Mwamini, kwa macho yake yale, hakuwa na hakika tena.

“Umuulize mwenyewe,” alimwambia Zaina.

Zaina akainua uso.

“Muzee, weye ndiye wa mwisho kuviona. Cha mama kilikuwa wapi?”

Ningeweza kuonyesha popote. Ningeweka kidole kona ya kushoto, na yeye angeweka chake hapo, na angeondoka na furaha yake, na hakuna mtu duniani angejua. Mkono ulianza kunyanyuka wenyewe, nawaambia kweli. Nilipekua kichwa changu. Nilikuwa nayakumbuka maandishi yote ya mbele, nambari yake, mkia wa sahihi ya pili ulivyopinda. Nyuma nilikumbuka uchafu tu.

“Sijui, mwanangu,” nikasema. “Nilivitazama vyote kwa lenzi, na sikukitazama hata kimoja.”

Hakulia. Akamwambia shangazi yake aliyekuwa na bakuli la hina, “Nipake yote.”

“Yote nini?”

“Mukono yote. Kiganja na vidole, isibaki nafasi.”

Shangazi akamtazama Bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Wakampaka hina nzito kiganja kizima, mpaka ncha za vidole. Zaina akapiga magoti, akakunjua vidole vyote vitano, akaushusha mkono juu ya karatasi, akaukandamiza kwa mkono wa pili kwa nguvu. Mkono wake ni mkubwa na karatasi ni ndogo. Uliifunika kutoka kona mpaka kona.

“Popote iko,” alisema, “nimeifikia.”

Alipounyanyua, hapakuwa na weupe uliobaki wa kutosha hata kuweka kichwa cha kibiriti. Shangazi mmoja akapiga kigelegele, kikamkatika katikati, wengine wakakimalizia.

Hina ilikuwa mbichi, nene, inataka kutiririka. Sinia lilikuwa limechafuka. Kila mwanamke alitazama mikono yake mwenyewe, kisha wa jirani, na wote walikuwa wamepakwa.

“Baba Feza,” alisema Bibi Mwamini. “Yako ndiyo mikavu. Uishike pembeni. Isiguse kitu.”

Nikaichukua kwa ncha za vidole, kona mbili za juu. Wakarudia wimbo wao, wakinizunguka kwa macho kama wanavyouzunguka mti uliomo uani. Nzi alitua shavuni kwangu, halafu chozi likafika hapohapo, na sikuwa na mkono wa kulifuta. Hakuna aliyenikaribisha kuketi, nami sikuomba. Nilisimama jua lile, nimenyoosha mikono, mpaka ikakauka.